Mdogo wangu (17) anataka kwenda Japani kuwa mcheza sumo. Anayeyajua ya kule naomba anisaidie

Dada Rehema

Habari zenu wakuu. Nina mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ana miaka 17. Urefu sentimita 186, uzito kilo 112, na kila muhula sare ya shule inambana. Judo amecheza tangu mdogo, lakini siku hizi kaiweka kando, usiku yuko kwenye simu anatazama sumo. Majina ya wacheza sumo anayajua kuliko ya wajomba zake. Juzi katangaza mbele ya wazee kwamba akimaliza shule hataki chuo, anakwenda Japani kuingia kambi ya sumo. Baba kacheka mpaka kakohoa. Mama hakucheka. Mimi nimeachiwa nimpe jibu kwa sababu ndiye pekee anayenisikiliza kidogo.

Nataka kujua: mgeni anapokelewa kweli? Maisha ya kambini yakoje? Analipwa nini, na akishaacha anabaki na nini? Naomba anayejibu awe ameyaona. Ya kwenye video hata mimi nimeyatazama.

Mzee wa Kahawa

Kazi ya kula, kulala na kusukumana, unaombea ushauri wa nini dada yangu? Kama wanapokea na watu wazima nami niandikishe.

Figili Nyeupe

Dada Rehema, poleni, hasa mama. Mimi naishi Tokyo, wilaya ya Sumida, upande wa Ryogoku, ambako ndiko uliko ukumbi mkuu wa sumo na kambi nyingi ziko jirani. Sijawahi kupanda ulingoni. Naendesha gari la mboga, na kambi kadhaa ni wateja wetu. Kwa hiyo niyajuayo nimeyajua kupitia mlango wa jikoni. Usidharau: wanaoingia na kutoka kwenye mlango huo ndio wengi. Wanaotazamwa kwenye video ni wachache sana.

Mzee wa Kahawa, kula kupo, kulala kupo, ila kwa foleni. Vijana wa chini wanaamka saa kumi na moja alfajiri na hakuna anayetia kitu mdomoni. Wanaingia kwenye udongo wa mazoezi wao kwanza, wakubwa wanafuata baadaye. Wanapiga shiko, ile ya kunyanyua mguu mmoja juu na kuushusha kwa kishindo, mamia kwa mamia. Wanakokota nyayo bila kuziinua. Wanakaa chini miguu imepanuliwa mpaka kifua kiguse udongo, na asiyefika anakaliwa mgongoni. Halafu zoezi la mwisho: unamsukuma mkubwa wako toka upande mmoja hadi mwingine, anakuangusha, unaamka, unamsukuma tena, mpaka pumzi ikatike. Kabla ya saa sita mchana chungu kiko tayari. Anakula oyakata, yaani bwana wa kambi, pamoja na wageni wake, kisha wenye vyeo, kisha wanaofuata. Kijana mpya amesimama nyuma anapakua wali. Zamu yake ikifika, nyama imeshapata wenyewe, kumebaki mchuzi na kabichi zangu. Ndipo usingizi wa mchana, na baada ya usingizi kufagia, kufua na kuosha vyombo.

Sasa nikupe kitu ambacho mdogo wako lazima akijue kabla ya kingine chochote. Sumo ina madaraja sita. Kutoka chini: jonokuchi, jonidan, sandanme, makushita, juryo, makuuchi. Wacheza sumo wote wako kama 600. Walioko juryo na makuuchi hawazidi 70, na hao ndio wanaoitwa sekitori. Mstari kati ya makushita na juryo ndio maisha yenyewe. Juu ya mstari una mshahara, una chumba chako, unavaa mkanda wa hariri siku ya pambano, una vijana wa kukubebea mizigo na kukusugua mgongo bafuni. Chini ya mstari huna mshahara, mnalala wengi chumba kimoja kikubwa, na wewe ndiye unayesugua.

Hata nguo zinakusema. Wa madaraja mawili ya mwisho anatembea barabarani Januari, baridi ya kuuma, na yukata, vazi jepesi la pamba, na viatu vya mbao bila soksi. Akifika sandanme anaruhusiwa ndara. Koti na skafu mpaka makushita. Nikikutana na kijana mtaani asubuhi najua yuko daraja gani kabla hatujasalimiana.

Na mstari huo unapandwa kwa hesabu ndogo ya kutisha. Mashindano ni sita kwa mwaka, siku 15 kila mara: Januari, Mei na Septemba hapa Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Chini ya juryo mtu anapigana mara saba. Ukishinda nne unapanda, ukishinda tatu unashuka. Miezi miwili ya udongo na mchuzi inaamuliwa na pambano moja ambalo mara nyingi halimalizi sekunde kumi. Kisha inatoka karatasi ya vyeo, banzuke, imeandikwa kwa mkono. Jina la yokozuna, mwenye cheo cha juu kabisa, unalisoma ukiwa mbali. Majina ya chini ni membamba kama unywele.

Katika kambi mojawapo ninamkabidhi mboga mtu wa miaka thelathini na kitu. Aliingia na miaka 15, pale alipomaliza shule ya lazima. Juryo hajawahi kuigusa. Sasa ndiye mkuu wa jiko, kazi ambayo kwa desturi hupewa mkongwe wa madaraja ya chini. Magoti yote mawili yamefungwa bandeji. Anaigonga figili kwa kidole, akisikia ndani ina uwazi ananirudishia bila kunitazama usoni. Siku akiwa na pambano anaweka kisu chini, anakwenda kupigana asubuhi viti vya ukumbini vikiwa vitupu, anarudi kukata vitunguu. Hutamwona kwenye televisheni. Lakini dada, yeye ndiye mcheza sumo wa kawaida. Hakuho, yokozuna mwenye ubingwa 45, ndiye asiye wa kawaida. Nilimuuliza yule mpishi kwa nini haachi. Akasema goti la kushoto likitulia, mashindano yajayo anaweza kushinda mara nne.

Magoti ndiyo ugonjwa wa kazi hii. Huko juu wastani wa uzito ni karibu kilo 160, hakuna kupangwa kwa uzito, ulingo ni jukwaa la udongo lililoinuliwa, na pembeni hakuna godoro. Ukitupwa umetupwa mpaka chini kwa watazamaji. Na ukiumia ukakosa mashindano, kila siku uliyokosa inahesabiwa umeshindwa. Zamani kulikuwa na kinga kwa aliyeumia ulingoni, ikafutwa kuanzia 2004.

Mwambie amsome Terunofuji, maana hakuna kisa kinachoonyesha kazi hii vizuri zaidi. Mmongolia. Mwaka 2015 alifika ozeki, cheo cha pili kutoka juu. Magoti yakaharibika, kisukari kikamwingia, akaanza kuporomoka. Machi 2019 alikuwa jonidan, daraja la pili kutoka chini, anapigana asubuhi na watoto. Hakuna aliyewahi kuwa ozeki akafika chini namna ile. Alimwomba bwana wake zaidi ya mara moja amruhusu kustaafu, akakataliwa. Julai 2020 alirudi makuuchi na kuchukua ubingwa. Julai 2021 akapandishwa kuwa yokozuna wa 73. Alistaafu Januari 2025, magoti yakiwa yaleyale. Watu wanampenda kwa kurudi kwake. Mimi namheshimu zaidi kwa ile asubuhi ya jonidan.

Fundi Saa

Mkuu Figili, umeandika vizuri ila umeruka fedha, na dada kauliza. Hao walio chini ya mstari hawapati hata senti?

Figili Nyeupe

Fundi, nilikuwa nashusha kabichi.

Wanapata posho kwa kila mashindano, si mshahara. Kwa viwango vilivyopandishwa 2019, makushita ni yen 165,000 kila baada ya miezi miwili, jonokuchi yen 77,000. Chakula na malazi havilipiwi, kwa hiyo hafi njaa, ila hajengi kitu. Ukivuka kuingia juryo, ghafla ni yen 1,100,000 kila mwezi. Makuuchi ya kawaida 1,400,000. Komusubi na sekiwake, vyeo viwili vilivyo chini ya ozeki, 1,800,000, ozeki 2,500,000, yokozuna 3,000,000. Bingwa wa makuuchi anabeba yen 10,000,000 kwa kila ubingwa, bingwa wa jonokuchi 100,000. Juu ya hapo kuna bahasha za wadhamini: zile bendera zinazozungushwa ulingoni kabla ya pambano, kila moja ni fedha ya mshindi.

Kuna kimoja kinanifurahisha. Mcheza makuuchi asiye na cheo maalumu akimwangusha yokozuna, anaandikiwa nyota ya dhahabu, na nyota hiyo inamlipa yen 40,000 kila mashindano, maadamu yuko sekitori. Siku moja nzuri inaweza kukulipa miaka kumi.

Sasa ugeuze upande wa pili. Ukishuka kutoka juryo kurudi makushita, mshahara unakatika mara moja. Chumba kinakwenda, vijana wanakwenda, hariri inakwenda. Nimeona kambi ambako aliyekuwa anapakuliwa amerudi kupakua, na wale aliowatuma jana wanajifanya hawaoni. Ozeki akishindwa zaidi ya anavyoshinda katika mashindano mawili mfululizo anavuliwa cheo. Yokozuna hashushwi kabisa, ila akianza kupoteza njia ni moja: kustaafu.

Baada ya kuacha? Mlango mzuri ni kubaki kama mzee wa Chama cha Sumo, kufundisha na kulipwa hadi miaka 65. Lakini majina ya wazee ni 105 tu, lazima uwe na historia ya kutosha katika madaraja ya juu, na lazima uwe raia wa Japani. Terunofuji alichukua uraia. Hakuho alichukua mwaka 2019. Mdogo wako akifanikiwa kupita wote, siku moja atakaa mbele ya fomu ya kuacha pasipoti ya nyumbani, na hilo mama alijue leo. Wasiopata jina wananyolewa kishungi wakaenda zao. Wengine wanafungua migahawa ya chanko, kile chakula cha chungu cha kambini, wengine wanafanya kazi ya kutunza wazee, maana kumnyanyua mgonjwa kwao si kitu. Wengi wana miaka thelathini na elimu ya shule ya lazima.

Kaka Mpinzani

Mimi nitasema wasichotaka kusema wengine: huo ni utumwa uliovishwa mila. Na vipigo je? Nilisoma kuna mtoto aliuawa. Dada, mfungie huyo kijana simu.

Figili Nyeupe

Kaka, la kifo ni kweli, sitalificha. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17, umri wa huyuhuyu mdogo wake, alikufa kambini baada ya kupigwa, na bwana wa kambi alihukumiwa kifungo. Mwaka 2017 yokozuna Harumafuji alistaafu baada ya kumpiga mcheza sumo mwenzake kwenye mkusanyiko wa kula na kunywa. Mwaka 2024 kambi ya Hakuho mwenyewe ilifungwa kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa akiwanyanyasa wadogo. Wacheza wake wakahamishiwa kambi nyingine, na Juni 2025 Hakuho akakiacha chama kabisa. Aliye mkubwa kuliko wote, na bado haikumsaidia.

Nionavyo mimi, mambo yamebadilika kuliko enzi za fimbo ya mianzi, kwa sababu sasa chama kinaadhibu. Ila kambi ni nyumba ya mtu. Bwana akiwa mwungwana, mke wake akiwa na jicho la mama, watoto wanalelewa. Asipokuwa, ukuta ni mnene. Na mtu hahami kambi kwa kupenda kwake: kwa kawaida unayoingia ndiyo unayostaafia. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liwe juu ya bwana yule na wale vijana wanaomzunguka. Wanamtazama usoni akiwasemesha, au wanatazama chini?

Kumfungia simu hakutasaidia. Ana kilo 112.

Dada Rehema

Kaka Figili, Mungu akulipe. Nimeyasoma yote kwa sauti mezani. Baba ameacha kucheka. Swali la mama: sisi ni Waislamu. Swala, Ramadhani, nguruwe kwenye hicho chungu, itakuwaje?

Figili Nyeupe

Mpe mama jina la Oosunaarashi. Mmisri, Abdelrahman Shaalan, mcheza sumo wa kulipwa wa kwanza kutoka bara la Afrika. Kambi kadhaa zilimkataa kabla ya kambi ya Otake kumpokea, akaanza mashindano Machi 2012, na Novemba 2013 alikuwa ameshafika makuuchi. Huo ni mwendo wa kasi sana.

Ramadhani ya miaka ile iliangukia mashindano ya Nagoya ya Julai, joto na unyevu wa kukaba koo, naye alifunga. Alisaidiwa na jambo moja: ukiwa juu unapigana jioni, kwa hiyo unatoka ulingoni kuelekea futari. Aliye chini anapigana asubuhi, lakini baada ya hapo anashinda jikoni anapikia wenzake. Julai 2014, katikati ya Ramadhani, aliwaangusha yokozuna wawili siku mbili mfululizo, Kakuryu na Harumafuji. Nyota mbili za dhahabu.

Nguruwe: kambi yake ilimzingatia kwenye chungu. Na chanko kwa asili yake si lazima nguruwe. Wakati wa mashindano wengi wanapendelea kuku, kwa imani kwamba kuku anasimama kwa miguu miwili, wakati mnyama wa miguu minne ni kama mtu aliyegusa ardhi kwa mikono, yaani ameshindwa. Mimi nawapelekea mboga tu, lakini kuku wanaoshuka kwenye gari la jirani yangu siku hizo ni wengi.

Umalize kisa lakini. Magoti yalimsumbua Mmisri yule, akashuka. Kisha 2018 alikutwa ameendesha gari bila leseni halali. Wacheza sumo wamekatazwa kabisa kuendesha, hata wenye leseni. Ikawa mwisho, na hakuwa na miaka thelathini. Mwambie mdogo wako ajue anaingia mahali ambapo kosa la barabarani linafuta nyota za dhahabu.

Dada Rehema

Na mlango wenyewe? Anaingiaje?

Figili Nyeupe

Kizuizi kikubwa si mwili. Kila kambi inaruhusiwa mgeni mmoja tu, na aliyechukua uraia bado anahesabiwa mgeni. Kambi ziko kama 45. Nafasi ikishikwa imefungwa mpaka yule aliyemo astaafu, na anaweza kukaa miaka kumi na tano. Kwa hiyo hatafuti kambi nzuri tu, anatafuta kambi nzuri iliyo tupu upande huo, yenye bwana aliye tayari kutumia nafasi yake moja kwa kijana asiyemjua.

Umri wa kawaida wa kuingia ni chini ya miaka 23, kwa hiyo muda anao. Mwili anao: kipimo cha zamani kilikuwa sentimita 167 na kilo 67, na tangu kanuni zilegezwe hata wadogo kuliko hapo wanapimwa kwa mazoezi ya viungo. Hakuho alikuja na kilo 62, hakuna kambi iliyomtaka mpaka siku zake zimekaribia kwisha.

Ningekuwa mimi ndiye kaka yake, nisingempeleka moja kwa moja kambini. Wageni wengi wanaofanikiwa wanapita shule kwanza. Terunofuji alisoma sekondari Tottori. Hoshoryu, huyo yokozuna wa 74, alikuja kusoma akiwa mpiga mieleka, akahamia sumo baadaye. Aonishiki wa Ukraine alikuja baada ya vita kuanza mwaka 2022, akafanya mazoezi na klabu ya sumo ya Chuo Kikuu cha Kansai kabla ya kupokewa na kambi ya Ajigawa, akaanza mashindano Septemba 2023, na kabla 2025 haijaisha alikuwa ameshakuwa bingwa na ozeki. Ukipitia huko unajifunza Kijapani, na ukivunjika goti unabaki na cheti. Kambini hakuna mkalimani, mgeni anaongea au ananyamaza. Halafu kuna mashindano ya dunia ya ridhaa, ambayo yana uzito uliopangwa, na mabwana wa kambi wanatuma macho yao huko.

Dada Rehema

Nimemsomea. Kakaa kimya muda mrefu, nikadhani ameingiwa na woga. Halafu kauliza: kambi zisizo na mgeni kwa sasa ni zipi?

Figili Nyeupe

Hahaha. Basi huyo ni wao.

Orodha inabadilika kila mtu akistaafu. Tovuti ya Chama cha Sumo ina ukurasa wa kila kambi, na kila mcheza sumo ameandikiwa alikozaliwa. Akae azipitie moja moja, aandike zilizo wazi na jina la bwana wake. Barua aandike yeye, si wewe, kwa Kijapani hata kiwe kibovu: umri, urefu, uzito, miaka ya judo, na video ya mapambano aliyoshindwa pamoja na aliyoshinda. Mkinitumia hiyo orodha nitakwambia ni zipi kati ya hizo ninazopelekea mboga.

Mzee wa Kahawa

Mimi jina langu lifutwe.